Mikono Miwili ya Kushoto

Katika kile chumba cha ushonaji chenye madirisha mawili, maneno yaliyosemwa sana kuliko yote hayakuwa "karibu" wala "njoo kesho," ingawa mafundi wanayapenda sana hayo. Yalikuwa haya: "Maandishi juu, kushoto, maandishi chini, kulia." Mwenye maneno hayo alikuwa Bi Rula, fundi wa magauni, na aliyasema hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza.

Maana yake ni nyepesi. Mkono wa gauni hukatwa kwa kufuata karatasi. Karatasi ni moja, mikono ni miwili, na mmoja huinama huku, mwenzake huinama kule. Kwa hiyo ukishakata wa kwanza unaipindua karatasi, maandishi yake yalalie kitambaa, ndipo unakata wa pili. Ukisahau kupindua utapata mikono miwili ya bega moja, na mteja wako hakuumbwa na mabega mawili ya kushoto. Wanafunzi waliofundishwa na Bi Rula ni wengi, na kila aliyewahi kufanya kosa hilo alitaniwa hadi anahitimu. Mmoja alitaniwa hadi siku ya harusi yake, mbele ya wakwe.

Jina la Rula alipewa kwa sababu alikuwa mnyoofu wa mgongo, mnyoofu wa maneno, na mikono ya magauni yake ilikuwa minyoofu kupita yote: mirefu, myembamba, inateremka kutoka begani mpaka kwenye kifundo bila kupinda wala kupumua. Karatasi yake ya mkono, ya kaki, ilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Kingo zake alizizungushia utepe wa gundi zisiraruke, na ilikuwa na msumari wake peke yake ukutani. Wembamba walipunguziwa, wanene waliongezewa, lakini mkono ulikuwa ni uleule. Aliyetaka mtindo mwingine aliambiwa mtindo huo haumkai. Mzee Suruali, aliyeshona suruali upande wa pili wa meza hiyohiyo kwa miaka kumi na minne, alikuwa akisema kwamba hata pweza angeletwa pale kupimwa, angetoka na mikono minane iliyonyooka.

Sasa Bi Rula alikuwa na mdogo wake wa kike, na huyo watu walimwita Mdogo tu, ingawa alishafika miaka hamsini na mmoja. Mdogo alifanya kazi kwenye duka la miwani. Kutwa alikuwa akiwaonyesha watu herufi ukutani na kuwauliza wanaona nini. Hakuwahi kuolewa, na alishaacha kuliwazia jambo hilo, mpaka siku fundi saa mmoja, aliyefiwa na mkewe, alipoleta miwani yake iliyovunjika mguu. Miwani ilitengenezwa siku hiyohiyo. Fundi saa akarudi kesho yake kusema inambana sikio, na keshokutwa kusema sasa imelegea, na baada ya miezi minane ya kubana na kulegea wakapanga ndoa.

Mdogo akaja kwa dada yake na mita tatu na nusu za satini ya rangi ya zambarau. Ilikuwa mwisho wa jora, na mwenye duka alimwambia rangi ile haitakuja tena. Pamoja na satini alileta mchoro, ameuchora mwenyewe kwa penseli nyuma ya kadi ya kupimia macho. Gauni lilikuwa la kawaida, sketi pana, kiuno kimekaa. Lakini mikono ilikuwa mifupi, imefura begani na kubanwa juu ya kiwiko. Ilikuwa mikono ya puto.

Bi Rula aliutazama mchoro, akaupindua akasoma herufi za upande wa pili, akaupindua tena. Alisema mikono ya puto ni ya watoto. Akasema mabega ya Mdogo ni mapana, yataonekana kama mlango wa bohari. Akasema kwa umri huu heshima ya mwanamke ni mkono mrefu. Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wateja wanaobishana na herufi za ukutani, halafu akasema kwa upole:

"Dada, maisha yangu yote nimevaa mikono uliyochagua wewe. Siku hii moja nataka ya kwangu."

"Nimesikia," alisema Bi Rula.

Wanaomjua Bi Rula wanajua kwamba kwake kusikia na kukubali ni watu wawili tofauti, tena hawasalimiani. Mdogo alipoondoka tu, dada mtu aliitungua karatasi ya kaki msumarini. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Aliamini kabisa kwamba siku ya ndoa mdogo wake angejiona kwenye kioo, na mikono mirefu inang'aa, na angemshukuru. Mzee Suruali alimuuliza kama ile ndiyo mikono ya kwenye mchoro. Bi Rula akamwambia ashughulike na zipu zake.

Satini ni kitambaa chenye utelezi. Ukikikunja na kukata mbili kwa pamoja, kinakuchezea, kwa hiyo Bi Rula alikitandaza kikiwa kimoja na kukata kipande kimoja kimoja. Alikata mwili wa gauni, akakata sketi, na hiyo sketi ilikula kitambaa kama ng'ombe aliyeingia shambani. Kilibaki cha mikono na vipande vya pembeni vyenye upana wa vidole vitatu. Akaiweka karatasi, maandishi juu, akakata mkono wa kushoto. Akaukunja, akautia kikapuni. Akanyoosha mkono kuipindua karatasi, na hapo kwenye dirisha akaiona kofia ya Mdogo.

Njia ya mwongo ni fupi, na hiyo ya kutoka dirishani hadi mlangoni ilikuwa hatua saba. Bi Rula aliinyakua karatasi, akaitia chini ya mto wa kiti cha wageni, akatupia gazeti juu ya kikapu. Mdogo aliingia akiwa na haraka zake, alikuwa anapita tu, akakaa kwenye kiti hichohicho. Alikaa robo saa. Alizungumzia fundi saa wake, mtu anayetengeneza saa za mji mzima na hajawahi kufika mahali kwa wakati. Aliuliza kazi inaendeleaje. Bi Rula alisema inakwenda vizuri. Aliuliza kama mikono imeshakatwa, na Bi Rula akasema bado anaitafakari, huku jasho likimtoka hata nyuma ya masikio. Mzee Suruali aliinamia zipu yake kwa bidii ambayo zipu haikuwahi kuiona.

Mdogo alipokwenda zake, Bi Rula aliitoa karatasi chini ya mto. Ilikuwa imepata joto na mkunjo. Aliinyoosha kwa viganja, akailaza juu ya satini, akakata haraka kabla mtu mwingine hajatokea. Hakutazama maandishi yako wapi. Moyo ulikuwa mlangoni, na mkasi ukafuata njia uliyoizoea.

Aligundua baada ya kunywa chai. Aliitandaza mikono yote miwili mezani, upande unaong'aa juu, ili aifunge kwa bandi, mishono ya muda tu. Mikono iliyokatwa sawa hutazamana, tumbo kwa tumbo, kama watu wanaosalimiana. Hii haikutazamana. Ilisimama kama watu wawili kwenye foleni, mmoja anamwangalia mwenzake kisogo. Bi Rula aliupindua mmoja, na ukatazama vizuri, ila sasa ulionyesha mgongo wa satini, uliofifia kama maji ya kufulia. Akaurudisha. Akaupindua mwingine. Mtu akishikwa na jambo kama hilo hujaribu mara nyingi, akidhani labda kitambaa kitamwonea huruma.

Mzee Suruali alimaliza kwanza zipu aliyokuwa akiishona. Kisha akauliza, kwa sauti ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza, maandishi yakiwa juu inakuwa mkono upi.

Bi Rula aliuweka mkasi chini. Alikaa. Mzee Suruali alimwangalia, na utani ukamwisha, maana katika miaka kumi na minne hakuwahi kumwona mwanamke yule amekaa bila kazi mkononi. Akajaribu kumfariji. Akasema Mdogo anaweza kuolewa akiwa amesimama ubavu, wageni wote wawekwe upande wa kushoto. Akasema kinyozi hajinyoi. Akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bi Rula alimwambia mhunzi huwa hana mdogo wake mlangoni.

Kilichomuuma hakikuwa kosa. Makosa ya mkasi yapo, na fundi anayesema hajawahi kuharibu kitambaa hajawahi kukata. Kilichomuuma ni kwamba ndoa ilikuwa imebakiza siku nne, satini ya rangi ile haikuwepo tena duniani, na gauni la mdogo wake lilikuwa halina mikono. Na hiyo ilikuwa mara ya pili.

Mara ya kwanza Bi Rula alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yao alimshonea gauni la njano lenye mikono ya puto, na alilivaa hadi magoti yakatoka nje na mama akasema basi, sasa ni zamu ya mdogo wako. Kesho yake gauni lilifika kwa Mdogo likiwa halina mikono. Dada mtu alisema panya wameila. Mama aliweka mtego wiki nzima, na panya wa nyumba ile waliteseka bila hatia. Ukweli ni kwamba aliifumua kwa wembe, kwa uangalifu, uzi mmoja mmoja, kwa sababu hakuweza kuvumilia kuiona juu ya mabega ya mtu mwingine. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya ushonaji. Alimwambia Mdogo kwamba hata hivyo mabega yake ni mapana.

Aliyakumbuka maneno hayo hapo kwenye kiti, akasikia aibu mpaka kwenye vidole vya miguu.

Alisimama. Aliuchukua mkono mmoja wa satini na kuulaza kwa ubavu, kule kwapani kukielekea kwake. Uliposimama ulikuwa mrefu na mwembamba, lakini ulipolala ulikuwa mfupi na mpana. Inchi ishirini na tatu za urefu sasa zilikuwa inchi ishirini na tatu za upana. Alipima mara tatu. Puto halitaki urefu, linataka upana, na upana ulikuwepo tangu mwanzo, umelazwa tu vibaya. Vile vipande vya vidole vitatu vingetosha kuwa vibano vya juu ya kiwiko.

Mzee Suruali alimpa gazeti ili ainakili ile karatasi ya kaki kabla ya kuibadilisha. Bi Rula alilipokea, akalitandaza mezani, lakini hakunakili. Alijijua. Kama ile karatasi ingebaki nzima msumarini, kesho asubuhi ingemwita, na angeiitikia. Akaikata urefu, zikabaki inchi tano tu chini ya kwapa. Halafu akashika mkasi na kuipasua kutoka juu hadi chini, mara sita, vikatoka vipande saba. Mzee Suruali alisimamisha cherehani yake kabisa.

Vipande saba alivipanga juu ya gazeti kwa mfuatano, akaviachanisha, kila pengo likizidi kidogo upana wa kidole gumba. Pale juu, katikati, akaongeza inchi mbili, maana bega la puto ni lazima lipate mahali pa kupandia. Akachora mstari mpya ukizunguka vyote, mstari mnono kama kilima, na katika miaka ishirini na sita mkono wake haukuwahi kuchora kilima. Akalikata gazeti kwa kufuata mstari huo. Akaandika upande mmoja kwa herufi kubwa, na kabla ya kugusa satini akamwita Mzee Suruali aje athibitishe maandishi yako juu. Kwa mkono wa pili akamwita tena, athibitishe sasa yako chini. Mzee Suruali alithibitisha mara zote mbili kwa heshima zote, na utani wake akauweka akiba.

Mikono ilitosha. Ilibaki nafasi ya ukucha.

Mdogo alikuja kujipima siku mbili kabla ya ndoa. Bi Rula alimvalisha bila kusema kitu, kisha akajaza pini mdomoni na kupiga magoti kwenye upindo, mahali salama ambapo mtu hawezi kutakiwa kuzungumza. Mdogo alijitazama kwenye kioo. Marinda yalipanda juu ya mabega, yakafura, yakabanwa juu ya kiwiko kwa vibano viwili vyembamba. Mabega yalikuwa mapana, na yalipendeza kwa upana wake. Aligusa bega moja, akagusa la pili, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu kilicholala.

Halafu akasogea kwenye dirisha. Macho yale ndiyo kazi yake.

"Dada, mwili wa gauni unang'aa kwenda chini, mikono inang'aa kwenda pembeni. Kwa nini?"

Satini ikilazwa ubavu hung'aa vingine, hilo kila fundi analijua, ila si kila bibi harusi. Bi Rula angeweza kusema ndiyo mtindo wa siku hizi. Alikuwa nao uongo huo tayari, ameushona vizuri, na pini zilizokuwa mdomoni zingeusaidia. Upande wa pili wa meza pedali ya Mzee Suruali ilinyamaza.

Akazitoa pini, moja moja, akazichoma kwenye mto wake wa mkononi.

"Nilikata mirefu kwanza," alisema. "Nilikudanganya. Halafu kwa haraka ya kukuficha nikakata yote miwili ya kushoto."

Mdogo alishika meza. Alicheka mpaka uzi wa bandi ukakatika kwapani, akaomba arudiwe kusimuliwa, akacheka tena, na Mzee Suruali, aliyekuwa amebana kicheko kwa siku mbili, akapata ruhusa. Bi Rula aliwaacha. Alikuwa amestahili. Kicheko kilipopoa, Mdogo alijifuta macho, akasema:

"Mirefu najua. Niliikalia. Karatasi ilikuwa inalia chini yangu robo saa nzima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilitaka nione kama safari hii utanipa mwenyewe."

Bi Rula alikuwa bado amepiga magoti. Akasema kwa sauti ndogo, akiutazama upindo, "Hapakuwa na panya."

"Najua. Niliikuta ile mikono kwenye boksi la viatu, chini ya kitanda chako. Nikaivaa mikononi hivihivi, bila gauni. Nikajitazama. Nikairudisha."

"Hukumwambia mama."

"Ungepigwa, dada."

Mzee Suruali aligundua kwamba amesahau jambo fulani nje, akatoka kulitafuta.

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema Bi Rula. Mdogo alingoja, kwa sababu miaka yote sentensi kama hiyo ya dada yake ilikuwa na "lakini" nyuma yake. Safari hii haikuja. Basi akamshika kwapani akamwinua, akaitoa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwa dada yake, akaizungusha kwenye mkono wake, juu ya kiwiko.

"Na wewe siku yangu utavaa mikono hiihii," alisema.

"Mimi? Kwa umri huu?"

"Ukipenda mirefu, vaa mirefu. Iko wapi karatasi yake?"

Bi Rula aligeuka kuutazama ukuta. Kwenye ule msumari ilining'inia karatasi ya gazeti, pana, yenye kilima, na vile vipande saba vya kaki vimegandishwa juu yake. Hakukuwa na nyingine.

"Tulia basi," alisema Mdogo, "unavuta tumbo ndani, mimi napima mkono."

Akatulia, akanyoosha mkono, akapimwa.